Aivi ndani na nje ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaofuga aivi ndani huuliza mbona inakufa. Walioipanda nje huuliza wataizuiaje. Mmea ni ule ule, mtambaazi uitwao kitaalamu Hedera helix, uliozoea misitu ya Ulaya na Asia ya magharibi: hewa ya ubaridi, udongo usiotuamisha maji, na jua lililochujwa na majani ya miti mirefu. Ukishaelewa ulikotoka, majibu mengi ya hapa chini utayakisia kabla hujayasoma.

Nimeuziwa mimea mitatu tofauti, yote nikaambiwa ni aivi. Ipi ndiyo yenyewe?

Huenda hakuna hata mmoja. Aivi halisi ni zile za jenasi (kundi la mimea ya jamii moja) ya Hedera, na jina lao limeazimwa na kila mmea unaotambaa. Aivi ya Boston, Parthenocissus tricuspidata, ni ya ukoo wa mizabibu na hupukutisha majani yote kila mwaka; ndiyo hasa inayofunika ukuta wa uwanja wa besiboli wa Wrigley Field kule Chicago, ilikopandwa mwaka 1937. Ile inayoitwa aivi ya shetani, yenye majani ya umbo la moyo na michirizi ya manjano, inayoning'inia kwenye kabati za ofisi, ni pothosi, Epipremnum aureum. Aivi ya sumu ya Amerika Kaskazini, Toxicodendron radicans, ni ndugu wa mwembe na mkorosho, na utomvu wake huwasha vibaya sana.

Kuitambua ya kweli, shika shina changa uligeuze. Upande mmoja utaona vijizizi vifupi vya kahawia vimejipanga kama meno ya chanuo. Kisha tazama jani: lina pembe tatu hadi tano, na mishipa yake mikubwa yote inaanzia pale kikonyo kinaposhikana na jani. Vijizizi hivyo si wadudu wala ugonjwa, usivikwangue.

Niiweke wapi ndani ya nyumba?

Penye mwanga mwingi lakini pasipo jua kali la moja kwa moja. Kuna kipimo cha mkono kisichohitaji kifaa chochote: saa sita mchana, nyoosha mkono juu ya karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu. Kivuli kikiwa na kingo zilizofifia, panafaa. Kikiwa cheusi chenye kingo kali, majani yataungua. Kisipoonekana kabisa, mmea utarefuka kwa kutafuta mwanga, majani yatakuwa madogo na yatakaa mbalimbali kwenye shina.

Watu wengi hufikiria mwanga na kusahau joto. Aivi hustawi kati ya nyuzi 10 na 20 za Selisiasi, na hupenda usiku uwe wa baridi kuliko mchana. Ikikaa juu ya nyuzi 27 siku nyingi mfululizo hudhoofika, hata kama unaimwagilia sawasawa. Kwa hiyo sebule, ambako ndiko kila mtu anataka kuiweka, mara nyingi ndiko kubaya zaidi. Ukumbi wa kuingilia, kwenye ngazi, baraza lenye kivuli, au bafu lenye dirisha panaifaa zaidi. Iepushe na nyuma ya friji, juu ya televisheni, na pale inapopigwa na upepo mkavu wa kiyoyozi.

Ninakoishi ni joto mwaka mzima. Nikate tamaa?

Hedera helix itakusumbua, hilo tusifichane. Aivi ya Aljeria, Hedera algeriensis, yenye majani makubwa yanayong'aa, inavumilia joto na jua zaidi. Aina yake maarufu ni 'Gloire de Marengo', ya kijani yenye kingo za rangi ya maziwa. Iweke nje kwenye kivuli kinachopitisha upepo badala ya kuifungia chumbani. Ikiwa unachotaka ni mmea unaoning'inia tu na jina si hoja, chukua pothosi. Wenyewe umezaliwa kwenye joto, hautakupigia kelele.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Achana na hesabu ya wiki. Kiasi cha maji hubadilika kwa joto, ukubwa wa chungu na mwanga, na ratiba ndiyo inayoua aivi nyingi. Ingiza kidole kwenye udongo: sentimita 2 hadi 3 za juu zikiwa zimekauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri kidogo, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Udongo ukiwa bado na unyevu, ondoka.

Njia nyingine ni kuinyanyua pamoja na chungu chake. Inyanyue mara tu baada ya kuimwagilia, uonje uzito wake, kisha uinyanyue tena siku zinazofuata. Baada ya muda mkono utakuambia kabla ya kidole.

Kati ya kuzidisha na kupunguza, bora kupunguza. Aivi iliyopata kiu hulegea na ikipewa maji huamka. Iliyoozeshwa mizizi haina pa kuanzia.

Majani yanakauka kuanzia kingoni na kuvunjika yakiguswa. Maji hayatoshi?

Hapa ndipo wengi wanapoimalizia. Jani likikauka akili inasema kiu, mtu anaongeza maji, na mmea unazidi kukauka. Kumbe mizizi imeoza, haiwezi kupandisha maji hata yakiwa yamejaa kwenye chungu, na majani yanakauka kwa kiu huku udongo umelowa. Mimea mingi mingine hugeuka manjano na kulainika ikizidishiwa maji. Aivi mara nyingi hugeuka kahawia na kukauka, ndiyo maana inadanganya.

Kabla hujafanya lolote, toa mmea kwenye chungu utazame. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia iliyokolea, inateleza, inanuka, na ukiivuta gamba la nje linatoka na kuacha uzi katikati. Kata yote mibovu kwa mkasi safi, panda upya kwenye udongo mkavu kiasi na chungu kidogo kinachoendana na mizizi iliyobaki, na punguza majani kwa kadiri hiyo hiyo. Ikiwa mizizi yote imekwenda lakini bado kuna machipukizi mazima juu, usihangaike na mizizi: kata machipukizi uyaoteshe upya.

Mizizi ikiwa mizima na udongo mkavu, basi ni kiu kweli, au hewa imekauka mno.

Majani yamefifia, kama yamenyunyiziwa vumbi, na kuna utando mwembamba kwenye vikonyo.

Ni utitiri. Ndiye adui namba moja wa aivi ya ndani, na huja pale joto na ukavu vinapokutana. Ni mdogo kiasi kwamba wengi huona madhara muda mrefu kabla ya kumwona mwenyewe. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya tawi, gonga tawi mara kadhaa. Tazama chembe zilizoanguka bila kuhema juu yake. Vumbi hutulia, utitiri huanza kutembea taratibu. Pitisha kidole juu ya zile zinazotembea: zikiacha michirizi ya kahawia au ya kijani, jibu umelipata. Kwenye jani lenyewe utaona vidoa vya manjano vidogo kama vya ncha ya sindano, maelfu, kwa sababu kila kimoja ni seli iliyofyonzwa.

Tenga mmea huo na mingine siku hiyo hiyo. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki, uinamishe mmea chini ya bomba, uupige maji ya baridi kwa nguvu kiasi, hasa upande wa chini wa majani, kwani huko ndiko wanakoishi na kutaga. Rudia kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki tatu hivi. Kuosha mara moja hakusaidii, kwa kuwa mayai hubaki, na kwenye joto kizazi kipya hukamilika kwa takriban wiki moja. Ukitaka kuongeza nguvu, tumia sabuni maalumu ya kuulia wadudu wa mimea kwa vipimo vya kwenye chupa, na ijaribu kwanza kwenye majani machache.

Dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu utitiri, kwa sababu si mdudu. Ana miguu minane, yuko kundi la buibui. Tena dawa hizo zinaweza kuua wanyama wadogo wanaomla, akaongezeka zaidi.

Kinga ni rahisi kuliko yote haya: ioshe aivi kwa maji kila baada ya wiki mbili au tatu hata kama haina tatizo, na usiache hewa iwe kavu. Kupulizia maji kwa chupa mara moja kwa siku hakubadilishi unyevu wa chumba kwa zaidi ya dakika chache, ingawa watu wanaipenda sana njia hiyo.

Kuna madoa meusi au ya kahawia. Huo nao ni utitiri?

Hapana. Doa lenye mng'ao kama limelowekwa mafuta, lililozungukwa na duara la manjano, mara nyingi ni bakteria wa Xanthomonas. Doa kavu lenye vinukta vyeusi katikati kwa kawaida ni kuvu. Tiba ya nyumbani ni moja kwa yote mawili: ondoa majani yaliyoathirika, safisha mkasi, achanisha matawi yapate hewa, na mwagilia udongo, si majani. Utaona hapa kuna mgongano na ushauri wa kuosha niliotoa juu. Ndivyo ilivyo. Mmea mzima uoshe asubuhi ili ukauke kabla ya usiku. Wenye madoa usiuloweshe kabisa mpaka upone.

Majani yananata na mengine yana masizi.

Wadudu gamba, vidukari au vidung'ata wanafyonza utomvu na kumwaga maji matamu, na ukungu mweusi unaota juu ya utamu huo. Wadudu gamba wanafanana na vipele vya kahawia kwenye shina. Wakwangue kwa ukucha au kwa pamba iliyochovywa spiriti. Masizi yenyewe yanafutika kwa kitambaa chenye maji.

Aivi yangu ilikuwa na majani yenye nyeupe, sasa inatoa ya kijani tupu. Kwa nini?

Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea, kwa hiyo jani la rangi mbili linatengeneza chakula kidogo. Tawi likirudi kwenye kijani tupu linakua haraka kuliko wenzake na mwishowe linaumeza mmea mzima. Likate linapoanzia, mapema, bila huruma. Kisha ongeza mwanga, kwani aina kama 'Glacier' na 'Gold Child' zinahitaji mwanga zaidi ya zile za kijani. Tawi likitoa majani meupe kabisa nalo likate. Ni zuri machoni lakini halijitegemei.

Udongo gani, chungu gani, mbolea gani?

Udongo wowote mwepesi wenye mboji, uliochanganywa na mchanga mkavu wa chenga kubwa au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliochomwa) ili maji yapite. Chungu lazima kiwe na matundu chini. Kuweka kokoto chini ya chungu kisicho na matundu hakusaidii, maji yanasogea tu karibu na mizizi. Cha udongo wa kuchoma kinapumua na kinawafaa wenye mkono mzito wa maji. Hamisha kila baada ya miaka miwili hivi, kwenye chungu kipana kuliko cha zamani kwa sentimita 3 au 4 tu.

Mbolea ya maji ya kawaida, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unachipua. Mmea mgonjwa, mkavu au uliohamishwa juzi usipewe.

Nikate wapi ili iwe nene badala ya kamba ndefu?

Juu kidogo ya pingili, yaani pale jani linapotokea. Kila unapokata ncha, macho mawili au matatu ya chini yake huamka. Watu huogopa kukata kwa sababu urefu ndio uzuri wanaouona, lakini aivi isiyokatwa hupata upara karibu na chungu na majani hubaki mwishoni tu. Ikishafika hapo, zungusha tawi refu juu ya udongo wa chungu chenyewe na ulibane kwa kipande cha waya kilichokunjwa. Litaota mizizi kwenye pingili na kujaza upara.

Ulaini huo wa matawi ndio unaofanya aivi ipendwe na wanaotengeneza maumbo ya waya: pete, mpira, hata mnyama. Chagua aina yenye majani madogo yaliyosogeleana, kama 'Needlepoint', na zungusha tawi kila linapoongezeka kidogo. Ukisubiri likomae, litavunjika.

Nitaizalishaje?

Hiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye aivi, na sijui kwa nini watu hununua mbili. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye matawi ya mwaka huu, yaliyopita ulaini wa kwanza lakini bado hayajawa kuni. Kata chini ya pingili, ondoa majani ya nusu ya chini, acha matatu au manne juu. Tazama pingili uliyoiweka wazi: ukiona vijizizi vidogo tayari, hicho kipande kina haraka.

Unaweza kukitia kwenye glasi ya maji, ukibadilisha maji kila wiki, au moja kwa moja kwenye udongo wenye unyevu uliofunikwa kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Mizizi hutokea ndani ya wiki chache. Ya kwenye maji ni mizuri kutazama ila ni dhaifu. Ihamishie kwenye udongo ikiwa bado ya sentimita 2 au 3, na kwa wiki ya kwanza usiache udongo ukauke. Mimi napendelea udongo tangu mwanzo. Panda vipande vitano au sita pamoja kwenye chungu kimoja, maana kimoja peke yake kitachukua muda mrefu kuonekana kitu.

Ni sumu? Nina mtoto na paka.

Ndiyo, majani na matunda. Yana saponini, kemikali zenye sumu, na kwa mbwa, paka na farasi husababisha kutapika, udenda, maumivu ya tumbo na kuhara. Majani ni makali kuliko matunda. Ladha yake ni chungu, kwa hiyo ni nadra mtoto kumeza kingi, lakini chungu kining'inizwe pasipofikiwa. Mtoto au mnyama akila, mpigie daktari, usimlazimishe kutapika.

Upande wa ngozi, utomvu una falkarinoli, kemikali ambayo huwatoa baadhi ya watu upele na malengelenge, wakati mwingine siku moja au mbili baada ya kuushika. Vaa glavu ukipogoa. Mtu anaweza kuishika miaka mingi bila shida na siku moja ngozi ikagoma.

Lakini nimeona dawa ya kikohozi ya aivi.

Ipo, imetengenezwa kwa majani makavu yaliyochujwa kiwandani kwa vipimo maalumu. Kuchemsha majani ya kwenye chungu chako ni jambo lingine kabisa. Usifanye.

Ni kweli inasafisha hewa?

Kwenye jaribio maarufu la NASA, shirika la anga la Marekani, la mwaka 1989, aivi iliwekwa ndani ya sanduku lililofungwa na ikapunguza benzini, kemikali yenye sumu, hewani. Nyumba yako si sanduku lililofungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipopitia majaribio ya aina hiyo mwaka 2019, walihesabu kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kile kinachofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe. Fungua dirisha, na aivi ifuge kwa kuwa unaipenda.

Nikiipandisha ukutani itaharibu nyumba?

Swali la kwanza ni hali ya ukuta. Ukuta mzima, wenye saruji isiyomong'onyoka, hauna la kuogopa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza kuta za kale za Uingereza kwa niaba ya English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale, na kutoa matokeo mwaka 2010, waliona aivi inafanya kazi ya blanketi: ukuta uliofunikwa ulipata joto kidogo mchana na kupoa kidogo usiku kuliko ulio wazi, na chembe za uchafu wa magari zilinaswa na majani badala ya kufika kwenye jiwe.

Ukuta wenye nyufa, lipu iliyoachia, au chokaa ya zamani inayopukutika ni hadithi nyingine. Chunguza tawi linalopanda na utaelewa. Vijizizi hugusa ukuta, hutoa gundi yenye chembechembe ndogo mno, kisha vinywele vyake hukauka na kujikunja ndani ya vitundu vya ukuta vikijifunga humo. Vyenyewe havitoboi. Ila tawi likikuta ufa wenye udongo na unyevu, linaweza kuota mizizi ya kweli, na hiyo hunenepa mwaka hadi mwaka ikipanua ufa. Kwa hiyo tengeneza ukuta kwanza, mmea baadaye.

Hata kwenye ukuta mzima, weka mpaka. Ikate kila mwaka angalau nusu mita chini ya paa, na usiiruhusu kwenye mifereji ya maji, vigae, fremu za madirisha au nyaya. Ikiingia chini ya kigae inakiinua. Kama ukuta umepakwa rangi unayoithamini, usiipande kabisa. Alama za vijizizi hubaki hata baada ya kuiondoa, na brashi ngumu haizimalizi zote. Tumia waya au fremu iliyoachana na ukuta.

Inanyonya mti inaoupanda?

Hapana. Si kimelea, chakula inatengeneza yenyewe, maji inavuta kutoka ardhini kwa mizizi yake. Gome la mti ni ngazi tu. Mti wenye afya na matawi manene huishi nayo miaka mingi. Tatizo huja mti ukiwa umezeeka au umepukutika: aivi hupanda hadi juu, pengine mita 20 au zaidi, hufunika majani yaliyobaki, na huongeza uzito na sehemu ya kupigwa na upepo siku ya dhoruba.

Ukitaka kuuokoa mti, kata mashina ya aivi yote kuzunguka shina la mti, mara mbili, chini kabisa na tena usawa wa kiuno, uondoe kipande cha katikati bila kujeruhi gome. Ya juu iache ife na kukauka yenyewe. Kuivuta ikiwa mbichi hubandua gome na huweza kukuangushia tawi kichwani.

Tawi la juu ukutani lina majani tofauti kabisa, hayana pembe, na limetoa maua. Ni mmea mwingine?

Ni ule ule, umekua mtu mzima. Aivi ina maisha mawili. Utotoni hutambaa, ina majani yenye pembe na vijizizi vya kushikia. Ikifika juu penye mwanga mwingi huacha kutambaa, hutoa matawi manene yasiyo na vijizizi, majani ya mviringo uliochongoka, maua ya kijani-manjano na kisha matunda meusi. Huko Ulaya huchanua mwishoni mwa msimu, wakati mimea mingi imemaliza, na nyuki, nyigu na nzi hujaa hapo kwa kelele. Ndege hula matunda na kupeleka mbegu mbali.

Jambo la kufurahisha ni kwamba ukikata kipandikizi kutoka tawi la utu uzima, hakirudi utotoni. Kinakuwa kichaka kinachosimama chenyewe. Huchelewa kuota mizizi, lakini bustani yenye kichaka cha aivi kisichotambaa ni kitu cha kuonyesha wageni.

Nataka kufunika ardhi chini ya miti ambako nyasi hazioti.

Inafaa sana, na ndiyo hatari yake. Panda miche kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45, mwagilia na palilia msimu wa kwanza. Itaonekana haifanyi kitu mwanzoni kwa kuwa inajenga mizizi. Ikishashika, haitasubiri ruhusa. Weka mipaka inayoonekana, kama njia au ukuta mdogo, na ukate kila inayovuka. Isiachwe iwe nene mno karibu na nyumba, kwani panya hupenda kujificha humo.

Usiipande jirani na msitu wa asili. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga marufuku kuiuza mwaka 2010 baada ya aivi kufunika misitu na kuzima miche ya asili; Australia na New Zealand nako huhesabiwa gugu. Kabla ya kuipanda nje, ulizia sheria za mahali ulipo.

Nimechoka nayo. Naiondoaje?

Kwa mkono na kwa uvumilivu. Dawa za magugu huteleza kwenye nta ya majani na mara nyingi huunguza juu tu. Subiri udongo ulainike baada ya mvua, anza ukingoni, kunja zulia lote kuelekea katikati huku ukikata mizizi inayoshika. Vaa mikono mirefu na glavu. Kwa ya ukutani iliyozeeka vaa na barakoa, vumbi lake linakera. Ya ukutani ikate chini kwanza, iache ikauke, ndipo uivute taratibu.

Usiitupe mbichi kwenye shimo la mboji. Kipande chenye pingili moja kikigusa udongo kinaanza upya. Kiache kikauke kabisa juu ya zege au bati. Kisha rudi kukagua mahali hapo kila mwezi kwa mwaka mmoja au miwili, ung'oe kila kinachochungulia.

Nahama. Naweza kuchukua aivi yangu ya bustanini?

Usihangaike kuing'oa, mizizi yake imeenea kuliko unavyodhani. Kata vipande kadhaa asubuhi ya siku ya safari, vifunge miguu kwa karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa, vitie kwenye mfuko wa plastiki usiobana. Mahali pa baridi vitakaa siku kadhaa vikiwa hai. Kama unavuka mpaka wa nchi, ulizia kwanza masharti ya kuingiza mimea, kwani nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mmea na nyingine hukataa kabisa.